Anza na Kivuli: Namna ya Kuchora Bango kwa Mtindo wa Filamu Kongwe za Hollywood

Katika miezi ya kiangazi hapa Dodoma, mbingu ikiwa haina wingu, jua la saa kumi jioni huingia dirishani likiwa kali na la mshazari. Likipita katikati ya nondo za dirisha, huchora mistari myeusi kwenye ukuta wa pili, na mtu akisimama hapo mistari hiyo humpanda begani, ikavuka shingo na kumkata uso vipande vipande. Yeyote aliyewahi kutazama filamu za uhalifu zilizotengenezwa Hollywood katika miaka ya 1940 atakitambua kivuli hicho mara moja. Wao walikipata kwa kuwasha taa yenye nguvu nyuma ya mapazia ya vibao yaliyofunguliwa nusu. Sisi tunakipata bure kila jioni, na ndicho ninachopendekeza kiwe mwanzo wa kazi yako.

Nasema hivyo kwa sababu wachoraji vijana wengi ninaokutana nao hapa mjini huanza na uso wa mwigizaji. Hupakua picha ya mtu maarufu, huifuatisha kwa mistari, huijaza rangi na kuandika jina la filamu chini yake. Mkono wao ni mzuri na kazi hupendeza, lakini kinachopatikana ni picha ya mtu, na filamu yenyewe haimo. Filamu za zamani, hasa zile za rangi nyeusi na nyeupe, zilijengwa kwa mwanga na giza kabla ya kitu kingine chochote, na mchoro unaotaka kuzikumbusha lazima ujengwe kwa vitu hivyohivyo. Hapa nitaeleza njia ninayoifuata mwenyewe, na nitaishika kazi moja kama mfano tangu kuchagua filamu hadi kutundika bango ukutani.

Kuchagua filamu

Chagua filamu uliyoitazama hadi mwisho zaidi ya mara moja, ambayo unaweza kumsimulia jirani bila kumtaja mwigizaji hata mmoja. Kwa anayeanza ninashauri filamu zisizo na sauti za miaka ya 1920. Kwa kuwa hazikuwa na maneno ya kusikika, waongozaji wake walilazimika kuiweka hadithi kwenye mkao wa mwili na umbo la vitu, na hiyo ndiyo kazi ya bango. Ipo pia sababu ya kisheria. Nchini Marekani filamu za enzi hiyo hulindwa kwa miaka 95 tangu zilipotolewa, kwa hiyo zilizotoka hadi mwaka 1929 zimekwisha kuwa mali ya umma huko, ilhali nyingi za baadaye bado zina wenyewe. Ukitaka kuuza mabango au fulana zenye mandhari ya filamu ya miaka ya 1940 au 1950, tafuta kibali kwanza, au uchukue mtindo wa enzi hiyo na kuutumia kwa hadithi uliyoitunga wewe. Fahamu vilevile kwamba sura ya mwigizaji ina ulinzi wake peke yake: sheria ya jimbo la California huilinda kwa miaka 70 baada ya kifo chake. Kazi yako mwenyewe nayo inalindwa hapa nchini na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania.

Mfano wangu ni The General, filamu ya mchekeshaji Buster Keaton ya mwaka 1926. Niliichagua kwa sababu ya treni, maana anayeishi Dodoma, mji uliopitiwa na reli ya kati tangu enzi za Wajerumani, hahitaji kuelezwa mapenzi ya mtu kwa kichwa cha treni. Karibu na mwanzo wa filamu, dereva wa treni aliyekataliwa jeshini anaambiwa na mchumba wake kwamba hatazungumza naye tena mpaka avae sare. Anakwenda kukaa kwenye ule mtaimbo wa chuma unaounganisha magurudumu makubwa ya kichwa cha treni, mgongo umepinda, macho yako chini. Treni inaanza kwenda. Mtaimbo unampandisha, unamshusha, unampandisha tena, naye kwa huzuni aliyonayo hana habari mpaka anapokaribia kuingia kwenye giza la banda la treni.

Tazama kilichomo katika tukio hilo: duara mbili kubwa, mstari mmoja unaoziunganisha, na mtu mdogo juu ya mstari. Ukiweza kuipunguza filamu hadi kufikia hapo, bango limekwisha kupatikana, na kinachobaki ni ufundi. Njia ya kufika hapo ni kuitazama filamu ukiwa na daftari, kuisimamisha kila unapoguswa na taswira fulani, na kuichora ndani ya kisanduku kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Chora visanduku 20 au 30 bila kufuta. Udogo wa kisanduku ndio unaokusaidia, kwani hauna nafasi ya kope wala vifungo vya koti, na kilichosalia kikisomeka humo kitasomeka pia mtu akipita barabarani akiwa ndani ya daladala.

Mwanga

Katika studio za wakati huo mwigizaji alimulikwa kwa kawaida na taa tatu. Taa kuu ilitoka upande mmoja na kuamua vivuli viangukie wapi. Taa ya kujazia, iliyo dhaifu zaidi, ililegeza vivuli hivyo kutoka upande wa pili. Na taa ya nyuma ilipiga nywele na mabega ili mtu asizame kwenye giza la nyuma yake. Filamu za mapenzi na za muziki zilitumia taa ya kujazia kwa wingi, ndiyo maana nyuso zake ni laini. Filamu za uhalifu ziliipunguza mno au kuizima kabisa, na nusu ya uso ikapotea.

Unapochora, amua taa kuu iko wapi kabla ya kugusa kitu kingine, na uweke mshale mdogo pembeni mwa karatasi ili usisahau. Kisha fanya kazi kwa ngazi tatu tu, yaani nyeupe, kijivu cha katikati na nyeusi. Wengi hushindwa hapa kwa sababu macho yetu huona vijivu vingi sana. Finya macho mpaka picha unayoitazama ipoteze maelezo, na kila kilichoungana na giza kipake nyeusi bila kuogopa, hata kama ni sikio zima au mkono mzima. Mtazamaji atalikamilisha sikio hilo mwenyewe. Taa ya nyuma iwakilishe kwa uzi mwembamba wa mwanga, upana wa milimita moja au mbili kwenye karatasi ya A3, ukipita juu ya kofia na bega la upande mmoja peke yake. Ukiuzungusha mwili mzima, mtu wako ataonekana kama amebandikwa.

Picha ya kutazamia ni vizuri uipige mwenyewe. Nilimwomba mpwa wangu avae koti na kofia ya pama ya babu yake, nikamkalisha kwenye ubao uliowekwa juu ya ndoo mbili za rangi, mita moja na nusu kutoka dirishani. Majaribio ya kwanza hayakufaa, kwani ukuta wa chumba ni mweupe na ulikuwa ukimrudishia mwanga upande wa giza, sawasawa na taa ya kujazia. Nilipotundika shuka jeusi upande huo, kivuli kilishuka ghafla: mkunjo wa koti ukawa mstari mmoja, na chini ya ukingo wa kofia pakabaki ncha ya pua na kipande cha shavu. Picha hiyo moja ilinifundisha zaidi ya saa nyingi za kutazama kazi za wengine. Ukitumia simu, gusa kwenye skrini ile sehemu yenye mwanga ili kamera ipime hapo, la sivyo itajitahidi kuling'arisha giza lako.

Kwa filamu za miaka ya mwanzo ya 1920 liko jambo ambalo wachoraji wengi hawalijui, nalo hubadilisha sura ya kazi. Mkanda wa filamu uliotumika zaidi katika kamera za wakati huo haukuhisi rangi nyekundu, bali uliitikia zaidi bluu. Kwa hiyo midomo iliyopakwa rangi nyekundu ilitoka nyeusi, mbingu ya bluu ikatoka nyeupe tupu, na macho ya bluu yakafifia kiasi cha kutisha. Mkanda uliohisi rangi zote ulienea kuelekea mwisho wa muongo huo. Ukitaka mchoro wako uwe na harufu ya enzi ile, acha mbingu iwe wazi bila mawingu na midomo iwe giza, na mtazamaji ataihisi tofauti hata asipoweza kuitaja.

Karatasi nyeusi na mkasi

Mchoraji aliyebadilisha mabango ya Hollywood katika miaka ya 1950 ni Saul Bass. Kabla yake bango la kawaida lilijaa nyuso za waigizaji, busu, bastola na maneno ya kusifia. Mwaka 1955, kwa filamu ya The Man with the Golden Arm inayohusu mtu mwenye uraibu wa heroini, Bass aliweka katikati ya kazi yake mkono mmoja mweusi uliopindapinda. Mwaka 1959, kwa Anatomy of a Murder, alitumia umbo la maiti lililokatwa vipande na kuachanishwa kidogo. Maumbo hayo yana kingo zisizonyooka, kama ya karatasi iliyokatwa kwa mkono, na nguvu yake yote iko kwenye mkao.

Sisi tunao walimu wa jambo hilo walio wakongwe zaidi. Ukipata nafasi, nenda Kolo, wilayani Kondoa, ukatazame michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Watu waliochorwa pale kwa rangi nyekundu ni warefu na wembamba, na wengi wao hawana macho wala midomo, lakini ukiwatazama unajua nani ameinama na nani anatembea. Keti mbele ya mwamba na daftari lako uwaige kwa penseli, bila kugusa mwamba wala kuumwagia maji, kwa maana rangi zile zimekwisha kudhoofika vya kutosha.

Kisha rudi nyumbani ununue manila nyeusi moja na mkasi mzuri. Kata maumbo ya mchoro wako moja kwa moja, bila kuyachora kwanza kwa penseli. Mkasi haupendi mambo madogomadogo, na kwa sababu hiyo utakulazimisha kuamua. Kwa bango langu nilikata duara mbili zenye kipenyo cha sentimita 14, mtaimbo, na mtu aliyejikunja akiwa na urefu wa sentimita 5 tu. Mtu huyo nilimkata mara tisa. Wa kwanza hadi wa sita walikuwa wamekaa tu. Wa saba, nilipousogeza mshono wa shingo mbele kidogo hadi ukingo wa kofia ukakaribia goti, ndipo huzuni ilipoingia, nami nikatumia wawili waliofuata kuuhakikisha mkao huo. Vipande visigundishwe mapema. Visogeze juu ya karatasi nyeupe, ukitazama zaidi nafasi zinazobaki wazi kuliko maumbo yenyewe, na upige picha kila mpangilio ili uweze kulinganisha baadaye.

Mpangilio ukishapatikana, piga picha kutoka juu, simu ikiwa sambamba na karatasi, nje kwenye kivuli cha mti au cha nyumba, mahali ambapo mwanga ni sawa pande zote. Ihamishie picha kwenye kompyuta. Mimi hutumia Inkscape, ambayo ni programu ya bure, na ndani yake ipo amri inayofuatisha picha na kuigeuza kuwa vekta, yaani maumbo yanayoweza kukuzwa bila kupoteza ukali. Punguza nukta zisizo za lazima, lakini kingo usizilainishe kupita kiasi, maana kona zilizoachwa na mkasi ndizo zinazoonyesha kwamba kuna mkono wa mtu. Asiye na kompyuta anaweza kufanya kazi hii kwa simu katika programu ya kuchorea yenye matabaka, akiweka kila rangi kwenye tabaka lake.

Rangi na herufi

Mabango ya zamani yalichapwa kwa litografia, yaani uchapaji wa kutumia jiwe au bamba bapa, kila wino ukipigwa peke yake. Iga nidhamu hiyo: jiwekee wino tatu, au nne ukizidiwa, na pale rangi mbili zinapopandana ziruhusu zichanganyike na kuzaa ya tatu. Bango langu lina nyeusi, rangi ya malai kwa ajili ya karatasi, na nyekundu ya udongo niliyoipima kutoka kwenye picha ya barabara ya vumbi. Tabaka la nyekundu nililisogeza kama nusu milimita kutoka mahali pake, kwa sababu mashine za zamani hazikulenga sawasawa kila mara, na kosa hilo dogo hufanya jicho liamini kuwa linatazama karatasi iliyochapwa.

Ukichora kutokana na filamu za rangi, kumbuka kwamba rangi za Technicolor, yaani njia maarufu ya Hollywood ya kupiga filamu kwa rangi, zilipangwa kwa makusudi. Mfumo wake wa mikanda mitatu ulitumika kwa filamu nzima ndefu kwa mara ya kwanza mwaka 1935, na katika The Wizard of Oz ya mwaka 1939 viatu vya msichana, ambavyo kitabuni ni vya fedha, vilifanywa vyekundu ili vionekane vizuri kwa rangi. Jifunze hapo kuchagua kitu kimoja tu kibebe rangi kali na kukitafutia mazingira tulivu.

Herufi ndizo zinazoharibu kazi nyingi nzuri. Majina ya filamu kwenye mabango ya zamani mara nyingi yaliandikwa kwa mkono, na herufi zake ni sehemu ya mchoro. Ukiweza, andika jina la filamu kwa penseli kwenye daftari la hesabu, herufi ikichukua vyumba sita kwa urefu na vitatu kwa upana, kisha ulichore upya kwenye kompyuta. Ukipenda fonti iliyo tayari, Limelight inafaa kwa hisia za miaka ya 1930 na League Gothic kwa majina mazito yaliyobanwa. Zote mbili ni za bure na zinaruhusu matumizi ya biashara.

Kiswahili kina changamoto yake hapa. Maneno yetu yana A nyingi, na A ikikaa karibu na T, V, W au Y huacha pengo kubwa ambalo kompyuta haiwezi kulipima vizuri kila mara. Andika TAYARI au WATAVUKA kwa herufi kubwa utaliona. Sogeza herufi hizo moja moja mpaka nafasi zilingane kwa jicho, hata kama kwa rula hazilingani. Lakini A hizohizo ni mali ukizitumia vyema. Filamu ya Howard Hawks ya mwaka 1962, iliyopigwa maeneo ya Arusha na kuigizwa na John Wayne, ina jina la Kiswahili, Hatari!, na katika neno HATARI kila herufi isipokuwa R inalingana kushoto na kulia, huku A mbili zikisimama kama mahema. Langu niliandika JENERALI, na O ndogo ya maneno ya chini nikaifanya duara inayofanana na gurudumu.

Ukubwa na kuprinti

Bango la sinema la Marekani lilikuwa na inchi 27 kwa 41, wakati karatasi zetu ni za A, zilizo pana zaidi kwa uwiano. Kwenye A2, chora eneo la sentimita 36.2 kwa 55 katikati, na utabakiwa na ukingo mtupu wa sentimita 2.9 kila upande na 2.2 juu na chini. Ukingo huo ni faida, kwa kuwa mabango mengi ya zamani yalikuwa nao. Kama faili lako ni la pikseli, eneo hilo liwe na takriban pikseli 4,280 kwa 6,500 ili lifikie nukta 300 kwa inchi.

Skrini hutoa rangi kwa mwanga na printa hutoa rangi kwa wino, na tofauti hiyo imewahi kuniumiza. Bango la kwanza nililopeleka steshenari lilikuwa na mbingu ya usiku ya bluu kali; nilirudishiwa nakala kumi za zambarau, zimekwisha kulipiwa. Bluu ya skrini ikigeuzwa wino huwa na magenta nyingi, yaani wino wa waridi iliyokolea, kwa hiyo hakikisha magenta iko chini ya siani, wino wa bluu-kijani, kwa angalau asilimia 30. Nyeusi nayo, ikiwa ni wino mweusi peke yake kwenye eneo kubwa, hutoka kama mkaa uliopoa. Iongezee siani asilimia 60, magenta 40 na manjano 40. Inkscape ni dhaifu kwa hesabu za wino, hivyo mimi humalizia kwenye Scribus, nayo ni ya bure, na kutoa faili la PDF. Omba kwanza kipande kimoja cha A4 cha majaribio chenye sehemu nyeusi zaidi na sehemu yenye rangi kali zaidi, ukitazame nje kwenye mwanga wa mchana, na ndipo uruhusu nakala nyingine zitoke.

Bango likishatoka, liache wazi likauke hadi kesho yake, kisha lipeleke kwa fundi fremu likiwa limeviringwa, picha ikitazama nje, bila kukunjwa. Nyumbani litundike kwenye ukuta ulio mbali na lile dirisha la magharibi, kwa sababu jua lilelile lililokupa kivuli hufifisha wino wa magenta na manjano, na nyekundu ya udongo itakuwa ya kwanza kuondoka.